Padri wa Barbiana katika Pwani Yetu: Simulizi ya Safari kutoka Malindi hadi Lamu

Jumatatu: Malindi mjini

Nimeingia Malindi adhuhuri nikiwa na kitabu kimoja cha Kiitaliano ambacho siwezi kukisoma bila msaada, na hiyo ndiyo sababu ya kuja hapa badala ya kwenda kwingine kokote katika pwani yetu. Kiitaliano katika mji huu si lugha ya darasani. Husikika sokoni, husomwa kwenye vibao vya mikahawa, huzungumzwa na madereva wa tuktuk, na watoto humrushia mgeni salamu ya "ciao" kabla hawajajua ametoka nchi gani. Wapo vijana hapa ambao hawakumaliza darasa la nane lakini wanaweza kuketi na mzee wa Milano saa nzima wakizungumza juu ya bei, mvua, siasa na matatizo ya ndoa, wasikwame popote.

Kitabu chenyewe kilitoka Firenze, huko Italia, mwezi Mei 1967. Kimeandikwa kwa mtindo wa barua kwa mwalimu wa kike, na wanaojitambulisha kuwa waandishi ni wavulana wanane wa shule ya Barbiana, mahali padogo mlimani katika nchi hiyo. Nyuma yao alikuwapo padri na mwalimu wao, Lorenzo Milani, ambaye alifariki tarehe 26 Juni mwaka huo huo kwa maradhi ya saratani, akiwa na umri wa miaka 44.

Milani alizaliwa Firenze tarehe 27 Mei 1923 katika ukoo wa matajiri na wasomi. Mama yake alikuwa na asili ya Kiyahudi, na watoto walibatizwa mwaka 1933 zaidi kwa kuihofia siasa ya Ulaya ya wakati ule kuliko kwa imani. Ujanani alisomea uchoraji. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, aliingia seminari, na mwezi Julai 1947 akapewa upadri. Alipotumwa kusaidia katika parokia ya San Donato huko Calenzano, aligundua kwamba mahubiri yake hayafiki popote, na akakataa kuwalaumu waumini kwa upungufu wa imani. Aliona kwamba walichopungukiwa ni maneno: mtu aliyeachishwa masomo utotoni hawezi kufuata hoja ndefu hadi mwisho wake, iwe hoja ya padri, ya mwanasiasa au ya tajiri anayemwajiri. Akafungua shule ya jioni kwa vijana wa viwandani na mashambani, akauondoa msalaba ukutani ili hata mkomunisti aingie bila kudhani kwamba ametegwa.

Hapo kwenye msalaba naomba nisimame kidogo, kwa kuwa msomaji wa pwani hataliona jambo hilo kuwa dogo. Sisi tumezoea madarasa ambamo mtoto wa Kiislamu, wa Kikristo na wa wazee wa kaya huketi dawati moja, na tumezoea pia shaka ya mzazi anayejiuliza kama shule ya misheni itamrudishia mwanawe yule yule aliyempeleka. Padri huyu aliielewa shaka hiyo, naye hakuijibu kwa ahadi. Alitoa kitu ukutani, watu wakaona.

Wakubwa wake hawakupendezwa naye, ingawa msalaba haukuwa sababu pekee. Mwezi Desemba 1954 alihamishiwa Barbiana, kanisa la mlimani katika eneo la Mugello ambako hapakuwa na barabara, umeme wala maji ya bomba, na ambalo lilikuwa limekaribia kufungwa. Mara tu alipofika alinunua mahali pa kaburi lake katika makaburi ya pale. Waliodhani wamemtupa waliona kwamba mwenzao amekusudia kukaa.

Jioni nimepita kwenye kanisa dogo la Wareno lililo kando ya bahari, pamoja na makaburi yake, ambalo wenyeji hulihusisha na Francisko Ksaveri aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Sikukaa sana. Yule alikuwa padri wa safari ndefu. Ninayemfuata mimi ni padri wa mahali pamoja.

Jumanne: Shela, kando ya bahari

Namaanisha Shela ya Malindi, mtaa wa zamani ulio karibu na bahari, si ile ya Lamu. Nimeketi kutwa na vijana wanaotembeza wageni, wale ambao mji mzima huwaita mabichiboi, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Mmoja wao, mtu mzima sasa mwenye watoto watatu, ndiye aliyekubali kunisomea kwa sauti na kunitafsiria. Alinitangulizia onyo: "Mwalimu, mimi Kiitaliano changu ni cha kusikia. Kusoma nitasoma, lakini polepole."

Alisoma polepole kweli, na polepole hiyo ilikuwa na faida yake. Barua inaeleza habari za wavulana wawili. Mmoja ni Pierino, mwana wa daktari, ambaye aliruka darasa la kwanza kwa kuwa tayari alijua kuandika, kwa hiyo shule ikamkuta amekwisha kufundishwa nyumbani, ikamsifu kwa kazi ambayo haikuifanya. Wa pili ni Gianni, mtoto wa maskini, aliyeletewa maneno ambayo hayakuwahi kutamkwa kwao, akapewa karatasi ile ile na muda ule ule, kisha akaambiwa kwamba ameshindwa. Kwa maoni ya waandishi, hakuna dhuluma kama kuwagawia sawa watu wasiokuwa sawa. Wanaifananisha shule ya namna hiyo na hospitali inayowatibu wazima na kuwafukuza wagonjwa. Msomaji wangu alipofika hapo aliweka kitabu magotini, akawatafsiria wenzake mara mbili, na kicheko kilichofuata hakikuwa cha furaha.

Halafu tukafika mahali ambapo nilitarajia mambo yaende mteremko. Milani alishikilia kwamba kinachowasawazisha watu ni lugha peke yake: aliye sawa na wenzake ni yule anayeweza kusema lililo moyoni mwake na kulielewa la mwingine, awe tajiri au maskini. Nilidhani vijana hawa, ambao lugha ndiyo mtaji wao, wangelipokea wazo hilo kwa mikono miwili. Kijana aliyekuwa akishona kamba ya viatu pembeni alikataa. "Lugha ninayo," alisema. "Ninazo tatu na Kigiriama changu cha nyumbani. Usawa uko wapi?"

Swali hilo lilituchukua mpaka alasiri, na ninaamini kwamba ndilo lililo katikati ya mafundisho yote ya Barbiana. Kijana mwingine alieleza kwamba aliwahi kuajiriwa kutunza nyumba ya mgeni, akatia sahihi karatasi ya Kiitaliano ambayo alidhani anaielewa kwa sababu kila siku alizungumza na mwenye nyumba bila shida. Siku ya kuachishwa kazi ndipo alipotambua kwamba maneno ya mle ndani hakuwahi kuyasikia ufuoni. Alijua Kiitaliano cha kuuza na kuchekesha. Cha mkataba hakukijua. Nami nikawaonyesha ukurasa ambapo wanafunzi wa Barbiana wanamuuliza mwalimu kama amewahi kuusoma mkataba wa kazi wa mafundi wa viwanda vya chuma, ambao maisha ya familia nusu milioni yanautegemea, na wanamwambia kwamba yafaa aone haya kwa kutousoma ilhali anawakaririsha watoto mambo ya miungu ya kale. Kule mlimani gazeti lilisomwa kila siku kwa sauti, kutoka mwanzo hadi mwisho, neno gumu likasimamishwa na kuchunguzwa hata kama lingekula asubuhi nzima. Lugha ambayo padri alikuwa akiisema ni ile inayomwezesha mtu kusoma karatasi kabla ya kuitia sahihi.

Mwenye kushona viatu hakuridhika kabisa. Alisema kuisoma karatasi ni jambo moja na kuwa na uwezo wa kuikataa ni jambo jingine, kwa kuwa nyuma yako wapo kumi wanaoitaka kazi hiyo hiyo. Yuko sahihi. Hata barua yenyewe inakubaliana naye, kwani inasema kwamba kujitoa peke yako katika tatizo ambalo wenzako nao wanalo ni uchoyo, na kujitoa wote pamoja ndiyo siasa.

Jumatano: Ngomeni

Barabara ya kaskazini inapita Gongoni, kati ya mabwawa ya chumvi yanayong'aa hadi macho yanauma, kisha unaingia kulia kuelekea Ngomeni. Hiki ni kijiji cha wavuvi na mikoko, lakini baharini mbele yake yapo majukwaa ya chuma ambayo Waitaliano waliyasimamisha kwa kazi ya kurusha roketi. Tarehe 26 Aprili 1967 chombo cha anga cha San Marco 2 kilirushwa kutoka hapa, na tarehe 12 Desemba 1970 kikarushwa kingine cha kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ambacho kilipewa jina la Uhuru kwa kuwa kilipaa siku ya sherehe za uhuru wa Kenya. Tangu mwaka 1988 hakuna roketi iliyorushwa.

Nimekuja kuona majukwaa hayo kwa sababu ya tarehe. Taifa lililoweza kupeleka chombo angani kutoka pwani ya Afrika mwezi Aprili 1967 ndilo lililosomewa mashtaka na wana wa wakulima mwezi Mei, kwamba linawapoteza watoto wake kabla hawajafika umri wa miaka kumi na minne. Na mashtaka hayo yalikuwa na hesabu. Wavulana wale walichukua takwimu rasmi za serikali ya Italia, wakachora majedwali ya wanafunzi waliopotea darasa baada ya darasa, wakaonyesha na kazi za baba zao. Sheria ya mwaka 1962 ilikuwa imeweka shule moja ya kati kwa watoto wote. Wao walithibitisha kwamba mlango uliofunguliwa na sheria ulikuwa ukifungwa na walimu kwa kalamu nyekundu. Shule, waliandika, ina tatizo moja tu: watoto inaowapoteza.

Katika shule moja ya msingi ya eneo hili nimezungumza na mwalimu wa muda mrefu, mwanamke mwenye sauti ya chini na mikono yenye chokaa, ambaye aliniomba nisiitaje shule yake. Nilimuuliza kama huwa anaandika mahali fulani majina ya walioacha. Alinionyesha daftari la mahudhurio. Jina linapokosekana kwa muda mrefu huachwa tu mwaka unaofuata daftari jipya linapofunguliwa, kwa hiyo mtoto haondoki kwa kishindo. Baadhi wako baharini na wajomba zao, baadhi wanasomba chumvi, wasichana wengine wameolewa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kurudishwa darasa au kufukuzwa, na mtihani wa darasa la nane uliokuwa ukiwachuja watoto tangu mwaka 1985 ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Barbiana walidai jambo hilo la kwanza kabisa: msiangushe. Lakini mwalimu alinikumbusha kwamba walidai mambo matatu, na kwamba la kwanza bila la pili halina maana. La pili ni kuwapa muda zaidi wale wanaoonekana wazito, shule ya kutwa nzima. La tatu ni kuwapa wavivu lengo la kusomea.

Juu ya muda tulibishana kirafiki. Milani alifundisha saa kumi na mbili kwa siku, siku zote za mwaka, Jumapili ikiwemo, bila likizo. Mtoto wa mkulima hakuiona kuwa adhabu, kwani badala yake ilikuwa ni kusafisha zizi la ng'ombe. Kwetu sheria hiyo hiyo ya mwaka 2013 inazuia masomo ya ziada wakati wa likizo, na ina sababu njema, maana masomo hayo yamekuwa biashara na mzazi asiye na fedha ndiye anayeumia. Barua nayo inawakemea vikali walimu wanaofundisha kwa malipo jioni yale ambayo hawakuyafundisha mchana. Tofauti ni kwamba muda wa Barbiana ulikuwa wa bure na ulikuwa wa wote, na aliyekuwa nyuma ndiye aliyesubiriwa: somo halikuendelea mpaka yeye ameelewa. Mwalimu wa Ngomeni alitabasamu. "Nina watoto sitini na wanane, mwalimu mwenzangu. Yeye alikuwa na wangapi?" Alikuwa na wachache, mara nyingine hawafiki hata thelathini. Ila wakubwa waliwafundisha wadogo, na mvulana wa miaka kumi na minne alikuwa mwalimu kamili wa wa miaka tisa. Hilo, mwenzangu alikiri, linawezekana hata kwa sitini na wanane, na yeye hulifanya kimyakimya siku mkaguzi asipokuwapo.

Kuna urithi mmoja wa padri huyu ambao siutaki na sioni sababu ya kuupaka asali. Katika barua, wanafunzi wanasema kwamba ikibidi hata mjeledi unafaa, na inajulikana kwamba mwalimu wao alikuwa mkali wa mkono na wa ulimi. Wanaompenda hulipita jambo hilo haraka. Kenya iliondoa bakora shuleni mwaka 2001, ikaipiga marufuku tena katika sheria ya mwaka 2013, na bado tunajua inavyorudi kupitia dirishani. Mtu anayetaka kumtumia Milani kama kibali cha kuwapiga watoto hana haja ya kwenda mpaka Italia. Visingizio vya hapa nyumbani vinamtosha.

Alhamisi: njiani

Basi limetoka Malindi alfajiri, limevuka mto Tana huko Garsen, limepita Witu, na mara kadhaa tumesimamishwa kwa ukaguzi, abiria tukishuka na vitambulisho mkononi. Vumbi la mwisho lilikuwa la Mokowe, na kutoka hapo ni boti.

Njiani nilikuwa nikifikiria kwamba mwaka 1967 una jambo jingine. Mwezi Machi, wiki chache kabla ya barua ya Barbiana kutoka, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kwamba shule alizozirithi kwa mkoloni zinawachagua wachache, zinawatenga na jamii yao na kuwafundisha wengi kwamba wao ni mabaki. Sijui ushahidi wowote kwamba wawili hao walisomana. Mmoja alikuwa na nchi nzima na mwingine alikuwa na chumba kimoja chenye meza, na pengine ndiyo sababu yule wa chumba kimoja alifika mbali zaidi katika vitu vidogo: namna ya kukata sentensi, namna ya kumsubiri aliye nyuma.

Ijumaa: Langoni, Lamu

Baada ya swala ya Ijumaa nimepelekwa kwa mzee mmoja aliyefundisha chuoni miaka mingi, naye akanipokea barazani kwake karibu na Msikiti wa Riyadha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaagiza kahawa na halua, kisha akaniuliza bila kuzunguka kwa nini nimekuja Lamu na habari za padri. Nilimwambia kwamba nimekuja kwa sababu ya Habib Swaleh.

Msomaji wa pwani anamjua Sayyid Swaleh bin Alwi Jamalullail, lakini yafaa nieleze kwa ajili ya walio mbali. Alizaliwa Ngazija, akaja Lamu katika karne ya 19, na mwishoni mwa karne hiyo akawa anafundisha dini na kutibu watu katika upande wa mji ambao waungwana hawakuuthamini. Elimu ya juu ya dini wakati huo ilikuwa mali ya koo chache za Mkomani, mtaa wa waungwana. Yeye aliwakalisha barazani kwake watumwa, waliokuwa watumwa, na wageni maskini wasiokuwa na nasaba ya kutaja, akawafundisha yale yale ambayo watoto wa masharifu walifundishwa. Maulidi yakasomwa kwa matari. Wenye mji walinung'unika, lakini msikiti ukasimama, na alipofariki mwaka 1935 wanafunzi wake walikuwa wametapakaa pwani nzima. Maulidi ya Lamu yanayojaza boti kila mwaka yanatoka kwake.

Mzee alisikiliza, kisha akanionya: "Usiwafanye ndugu. Kila mmoja ana dini yake na sababu yake." Nilikubali. Habib Swaleh alimfungulia mtu mlango wa elimu ya dini iliyokuwapo na yenye heshima yake. Hakuwa na ugomvi na kitabu bali na waliokifungia kabatini. Milani aligombana na kitabu chenyewe. Aliona kwamba mtaala wenyewe umeandikwa kwa ajili ya Pierino, na kwamba kumpitisha Gianni mlango ule ule bila kuubadilisha mtaala ni kumfanya awadharau wazazi wake. Wanapokutana ni katika jambo la kwanza, la mahali pa kuketi: wote wawili walikwenda kukaa upande ambao wakubwa hawakai, na wote wawili walilipa.

Mzee alitaka kujua padri alilipa nini. Nilimweleza kwamba kitabu chake juu ya kazi ya parokia, kilichotoka mwaka 1958, kiliamriwa kuondolewa madukani na ofisi ya Vatikani mwaka huo huo, na amri hiyo haikufutwa mpaka mwaka 2014. Mwaka 1965 aliwatetea hadharani vijana waliokataa kwenda jeshini kwa sababu ya dhamiri zao, akashtakiwa. Mahakama ya Roma ilimwachia mwezi Februari 1966, na rufaa ilipogeuza hukumu hiyo mwaka 1968 alikuwa amekwisha zikwa mlimani kwake. Halafu kama ilivyo ada, sifa zikaja. Italia ilitunga sheria ya kuwatambua wanaokataa jeshi kwa dhamiri mwaka 1972, na shule za msingi za kutwa nzima ziliingia katika sheria mwaka 1971. Papa Fransisko alipanda Barbiana tarehe 20 Juni 2017 kusali kaburini pake. "Waliomkataza ndio waliomwombea," mzee alisema, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kahawa nyingine iko wapi.

Jumamosi: Lamu mjini

Leo nimefanya lile ambalo kitabu hiki kinafundisha vizuri kuliko vitabu vyote vya ualimu nilivyosoma, yaani kuandika pamoja. Wavulana wa Barbiana waliianza njia hiyo baada ya kutembelewa mwaka 1963 na Mario Lodi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka kijiji cha kaskazini mwa Italia, ambaye wanafunzi wake waliandikiana barua na wale wa mlimani. Utaratibu wake ni wa kazi ya mikono. Kila mtu anakuwa na vipande vya karatasi mfukoni, kila wazo linapomjia analiandika kwenye kipande chake, upande mmoja tu. Siku ya kukusanya, vipande vyote vinatandazwa mezani, vinavyofanana vinawekwa pamoja, mafungu yanakuwa sura, na sura inasomwa kwa sauti mpaka kila neno linaloweza kuondoka limeondoka. Mwenye wazo hajulikani tena. Ndivyo watu wanane walivyoweza kuandika kitabu ambacho mtu angeapa kwamba ni cha mmoja.

Kundi langu lilikuwa la vijana kumi na wawili, wasichana saba na wavulana watano, wengine wanasoma na wengine wameacha. Waliokuja kutoka visiwa vya jirani walitumia boti. Niliwapa swali moja: nani hayupo darasani, na yuko wapi sasa? Jamvi tulilolifanya meza lilijaa vipande. Fungu kubwa lilikuwa la nauli ya boti, la pili la karo na sare, la tatu la ada ya harusi. Lilikuwapo fungu dogo ambalo hakuna aliyejua liwekwe wapi, la vipande viwili vilivyosema kwamba mtu aliacha shule kwa sababu mwalimu alimcheka alivyosema Kiswahili cha kwao.

Kabla hatujaanza kupunguza maneno, msichana mmoja aliyekuwa ameshika kitabu aliniuliza kwa nini waandishi ni wavulana watupu. Nilimfungulia ukurasa wenyewe, kwa kuwa waandishi hawakulificha: wasichana wa kijiji hawakuletwa mwanzoni, maana wazazi wao waliamini kwamba mwanamke anaweza kuishi hata kwa akili ya kuku. Baadaye walikuwapo wachache. "Basi naye aliwapoteza," alisema. Nilimjibu kwamba ndiyo. Wavulana walitaka kumtetea padri, wakataja wanafunzi wake waliokuwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mmoja, Michele Gesualdi, aliyekuwa rais wa mkoa wa Firenze kuanzia mwaka 1995 hadi 2004. Msichana alisubiri wamalize, akasema kwamba orodha hiyo inathibitisha alilosema yeye.

Akapendekeza fungu la harusi litangulie lile la nauli. Pakazuka ubishi mkali wa kama mzazi atasoma ukurasa wa pili ikiwa wa kwanza umemkera. Hilo lilileta swali la anayeandikiwa. Wengi walitaka iende kwa waziri, mmoja akasema kwa walimu. Nikawasomea mstari wa kwanza wa Barbiana, unaosema kwamba kitabu kile hakikuandikwa kwa ajili ya walimu bali kwa ajili ya wazazi, kuwaalika wajipange pamoja. Kura ilipigwa kwa mikono, wazazi wakashinda kwa tofauti ya mkono mmoja, na harusi ikatangulia. Hadi magharibi walikuwa wamefika sentensi ya tano, na neno "tafadhali" lilikuwa limetolewa, likarudishwa, likatolewa tena. Watakutana Jumamosi ijayo bila mimi, vipande vikiwa ndani ya bahasha aliyoichukua yule msichana.